Sala Darasani na Siasa Mimbarini

Dini na dola ni majirani wa tangu kale. Kila mmoja ana haja kwa mwenziwe, na kila mmoja ana hofu juu ya mwenziwe. Dola hupenda baraka za dini, kwa kuwa raia amchaye Mungu aghalabu huwa mtiifu. Dini nayo hupenda ulinzi wa dola, kwa kuwa mahali pasipo na amani hata ibada haitulii. Walakini ujirani huu umekuwa asili ya magomvi mengi katika historia ya wanadamu. Nchini Marekani magomvi hayo yalifikishwa bungeni na mahakamani, na katikati ya karne ya ishirini, katika muda usiozidi miaka 10, yalizaa mipaka miwili mashuhuri. Mmoja uliwekwa na Bunge mwaka 1954: ulikataza mashirika ya hisani yasiyotozwa kodi, makanisa yakiwamo, kuingia katika kampeni za uchaguzi. Wa pili uliwekwa na Mahakama Kuu mwaka 1962 na 1963: ulikataza shule za serikali kuwaongoza watoto katika sala na usomaji wa ibada. Mipaka hii huhesabiwa na wengi kuwa ni pacha. Lakini haikuzaliwa na mama mmoja wala haikulelewa sawa, na tofauti ya kuzaliwa kwake ndiyo iliyoamua nguvu zake.

Asili ya maneno yote ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyothibitishwa mwaka 1791. Humo Bunge la Marekani lilikatazwa kutunga sheria ya kusimamisha dini, au ya kuzuia uhuru wa ibada, au ya kupunguza uhuru wa kusema. Mwaka 1802 Rais Thomas Jefferson, alipowaandikia Wabatisti wa Danbury, aliyafananisha maneno hayo na ukuta uliojengwa baina ya kanisa na dola. Mfano ule ulipendwa, ukakaa katika ndimi za watu mpaka wengine wakadhani umo katika Katiba yenyewe. Hata hivyo ukuta ulikuwa na pengo kubwa. Katazo lilielekezwa kwa Bunge la nchi nzima, si kwa majimbo; na shule zilikuwa mali ya majimbo. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 1940 Mahakama Kuu iamue kuwa uhuru wa ibada unayafunga majimbo pia, na mpaka mwaka 1947 iamue vivyo hivyo kwa katazo la kusimamisha dini. Karibu karne moja na nusu zilipita ambamo mtoto wa shule hakuwa na kinga ya Katiba mbele ya mwalimu aliyemwambia aombe.

Katika karne hiyo na nusu shule za umma zilienea, na pamoja nazo ilienea desturi ya kuianza siku kwa Biblia. Samaki mkunje angali mbichi, husema wahenga. Na waasisi wa shule zile waliamini kuwa raia mwema hukunjwa kwa Maandiko. Shida ilikuwa moja: Maandiko ya nani? Biblia iliyosomwa ilikuwa tafsiri ya Mfalme James, ipendwayo na Waprotestanti. Wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland walikuwa na tafsiri yao, na kwao kumlazimisha mtoto asome ile nyingine kulikuwa ni kumtoa katika imani ya wazazi wake. Mwaka 1842 Askofu Francis Kenrick wa Philadelphia aliomba watoto Wakatoliki waruhusiwe kutumia tafsiri yao. Ombi lile la upole lilivumishwa kuwa ni njama ya kuifukuza Biblia shuleni. Mei 1844 fujo zilizuka katika mtaa wa Kensington; watu waliuawa, nyumba ziliteketezwa, na makanisa mawili ya Kikatoliki, la Mtakatifu Mikaeli na la Mtakatifu Augustino, yalichomwa moto. Julai damu ilimwagika tena katika mtaa wa Southwark. Hivyo usomaji wa aya chache, ambao waliouweka waliuona kuwa ni jambo la heri lisilo na madhara, ulifikisha mji mkubwa mahali pa kuita askari na mizinga.

Jeraha la pili halikutokana na sala, bali na bendera. Mwaka 1935, katika mji mdogo wa Minersville, Pennsylvania, Lillian Gobitas, msichana wa miaka 12, na nduguye William wa miaka 10, walikataa kuisalimu bendera kila asubuhi. Walikuwa wa jamii ya Mashahidi wa Yehova, nao walifundishwa kuwa salamu ile ni ibada kwa kitu kisichokuwa Mungu. Walifukuzwa shule. Kesi yao ilipofika Mahakama Kuu mwaka 1940, majaji 8 kwa 1 waliamua kuwa umoja wa taifa ni jambo kubwa kuliko dhamiri ya watoto wawili. Mara baada ya hukumu, Mashahidi wa Yehova walipigwa na kufukuzwa katika miji mingi, na huko Kennebunk, jimbo la Maine, jumba lao la ibada lilichomwa. Majaji waliona matunda ya kalamu yao. Tarehe 14 Juni, 1943, katika kesi iliyotoka West Virginia, mahakama ile ile iliitangua hukumu yake kwa majaji 6 kwa 3. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna afisa, mkubwa wala mdogo, awezaye kuamuru lililo sahihi katika siasa, utaifa au dini, na kumlazimisha raia alikiri kwa kinywa chake. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vikiendelea, na taifa lililokuwa vitani liliwaambia watoto wake kuwa hawalazimiki kuisalimu bendera yake.

Basi swali la sala lilipofika mahakamani, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Mwaka 1951 halmashauri kuu ya elimu ya jimbo la New York ilitunga sala fupi ya maneno 22 ya Kiingereza. Ilikiri utegemezi wa watu kwa Mwenyezi Mungu, na kuomba baraka kwa watoto, wazazi, walimu na nchi. Watungaji waliikwepa kila imani ya dhehebu moja ili isimchukize mtu. Lakini huko New Hyde Park, karibu na mji wa New York, wazazi wa familia tano, baadhi yao Wayahudi, walishitaki. Hoja yao haikuwa kwamba sala ile ni mbaya, bali kwamba si kazi ya serikali kutunga sala. Tarehe 25 Juni, 1962, Mahakama Kuu iliwapa haki kwa majaji 6 kwa 1. Jaji Hugo Black, aliyewahi kuwa mwalimu wa somo la dini kwa siku za Jumapili, alikumbusha kuwa wengi wa waliovuka bahari kuja Amerika walikimbia Uingereza ambako Bunge lilikuwa likiwachagulia maneno ya kuomba. Kwa maoni yake, dola inapojifunga na dini, dola huharibika na dini hudhalilika.

Kesi iliyoukamilisha mpaka ilianza na kijana mmoja katika shule ya sekondari ya Abington, nje kidogo ya Philadelphia ile ile ya mwaka 1844. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1949 iliamuru aya 10 za Biblia zisomwe kila asubuhi pasipo maelezo yoyote. Tarehe 26 Novemba, 1956, Ellery Schempp, mwanafunzi wa miaka 16 kutoka familia ya Waunitaria, aliingia darasani na Kurani aliyoiazima. Aya za Biblia zilipokuwa zikisomwa katika kipaza sauti, yeye alikuwa akiisoma Kurani kimya kimya. Na wakati wa Sala ya Bwana hakusimama. Alipelekwa kwa wakubwa wa shule. Hakuwa Mwislamu, wala hakukusudia kuwa. Alitaka kuonyesha jambo dogo: kwamba kitabu kilicho kitakatifu kwa mamilioni ya watu kinapofunguliwa katika darasa la umma na kuonekana kosa, basi darasa hilo limekwisha kuchagua dini. Jioni ile aliandika barua kwa chama cha kutetea haki za raia, na safari ya miaka 7 ikaanza.

Jimbo lilijaribu kujiokoa kwa kubadili sheria yake, likiruhusu mtoto atolewe darasani kwa barua ya mzazi. Hapo ndipo palipokuwa na kiini cha mashauri yote. Je, si uungwana kumruhusu asiyetaka atoke nje? Baba wa kijana, Edward Schempp, aliieleza mahakama kwa nini hakuiandika barua ile. Katika shule ya wanawe, alisema, mtoto asimamaye ukumbini nje ya darasa ni mtoto aliyeadhibiwa. Walimu na wenzao wangewatazama kama watu wa ajabu. Na katika siku zile za hofu ya ukomunisti, asiyeshiriki Biblia angedhaniwa kuwa si Mmarekani kamili. Mahakama Kuu ilikubali. Tarehe 17 Juni, 1963, kwa majaji 8 kwa 1, iliamua kuwa ruhusa ya kutoka haiondoi kosa la kuweka ibada shuleni. Wakati huo Ellery alikuwa amekwisha maliza shule, na kesi ilibaki katika majina ya wadogo zake, Roger na Donna.

Kelele zilikuwa kubwa. Walisema wengi kuwa Mungu amefukuzwa shuleni, na wabunge walileta mapendekezo mengi ya kuigeuza Katiba, hakuna lililofaulu. Walakini Jaji Tom Clark, aliyeiandika hukumu ya mwaka 1963, alikuwa amesema waziwazi kuwa Biblia na historia ya dini zaweza kufundishwa kama elimu. Linalokatazwa ni serikali kuongoza ibada. Mtoto naye hakukatazwa kuomba kwa hiari yake. Rais John F. Kennedy, alipoulizwa juu ya hukumu ya 1962, alijibu kuwa dawa ni nyepesi: watu waombe zaidi majumbani mwao na wahudhurie makanisani kwa uaminifu zaidi. Maneno haya yaliirudisha sala kwa mwenyewe.

Huo ndio mpaka uliozaliwa na machozi. Mpaka wa pili, ambao kwa miaka ndio uliotangulia, ulizaliwa kwa njia nyingine. Tangu kodi ya mapato ilipoanzishwa mwaka 1913, mashirika ya dini, elimu na hisani yaliachwa pasipo kutozwa; na tangu mwaka 1917 mtu ayapaye sadaka huruhusiwa kuitoa sadaka hiyo katika hesabu ya mapato yake yanayotozwa kodi. Mwaka 1934 Bunge liliweka sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi za shirika la namna hiyo isiwe kushawishi utungaji wa sheria. Juu ya kampeni za uchaguzi halikusema neno.

Mwaka 1954 Lyndon B. Johnson, seneta wa Texas na kiongozi wa chama cha Democrats katika Seneti, alikuwa akitetea kiti chake. Mpinzani wake ndani ya chama, Dudley Dougherty, alisaidiwa na mashirika yasiyotozwa kodi yaliyosambaza maandishi ya kumshutumu Johnson kuwa ni mlegevu mbele ya ukomunisti. Tarehe 2 Julai, 1954, Seneti ilipokuwa ikijadili sheria kubwa mpya ya kodi, Johnson alisimama akaleta nyongeza fupi: shirika lisilotozwa kodi lisishiriki wala kuingilia kampeni kwa ajili ya mgombea yeyote. Hakukuwa na kamati iliyolisikiliza jambo hilo, wala shahidi aliyehojiwa, wala mjadala. Nyongeza ilipita kwa sauti, na mwezi Agosti Rais Dwight Eisenhower akaitia sahihi sheria yote. Makanisa hayakutajwa, na hakuna dalili kuwa Johnson aliyafikiri. Lakini yalikuwa katika kifungu kile kile cha sheria, cha 501(c)(3), na neno lililotupwa kwa maadui wa seneta mmoja liliangukia kila mimbari ya nchi.

Asili duni haifanyi sheria kuwa mbaya. Kisima huweza kuchimbwa na mtu mwenye choyo, na wapita njia wakanywa maji yake. Hoja njema za kuitetea sheria ile zilikuja baadaye. Msamaha wa kodi ni msaada, na msaada huo hulipwa na wote, pamoja na wale wasiompenda mgombea anayesifiwa. Mwaka 1983 majaji wote 9 wa Mahakama Kuu walikubaliana, katika shauri la ushawishi wa sheria, kuwa Katiba haiilazimishi serikali kugharimia usemi wa mtu; anayetaka kusema siasa na aseme kwa fedha iliyokwisha kutozwa kodi. Tena sheria yenyewe haikumfunga mhubiri kinywa chote. Aliachiwa kuhubiri juu ya vita, umaskini, ubaguzi wa rangi, ulevi au utoaji mimba. Aliachiwa kuwahimiza waumini wajiandikishe kupiga kura. Katika miaka ya 1950 na 1960 makanisa ya Wamarekani weusi yalikuwa ngome ya madai ya haki, na sheria ya Johnson haikuyazima. Alilokatazwa mhubiri ni kusema, kwa jina la kanisa: mchagueni fulani, mkataeni fulani.

Hata hivyo sheria hiyo ilitumika kwa nadra. Tarehe 30 Oktoba, 1992, siku 4 kabla ya uchaguzi, kanisa moja la Binghamton, New York, lilitangaza katika magazeti mawili makubwa kwamba Mkristo hawezi kumpigia kura Bill Clinton, na chini ya tangazo likaomba sadaka zenye nafuu ya kodi. Mwaka 1995 Idara ya Kodi iliondoa barua ya msamaha wake, na mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Washington ikaafiki. Lakini majaji wenyewe walisema kuwa adhabu ile ilikuwa zaidi ya ishara kuliko hasara, kwa sababu kanisa likijiepusha na kampeni laweza kuupata tena msamaha wake. Septemba 2008 wachungaji 33 walisimama mimbarini wakawataja wagombea kwa makusudi, ili washitakiwe na kuipeleka sheria mbele ya majaji. Miaka iliyofuata waliongezeka wakawa mamia. Serikali haikuwapa kesi waliyoitamani. Sheria ikawa kama mbwa asiyebweka mlangoni: wapo waliomwogopa kwa sababu ya umbo lake, na wapo waliompita.

Kwa nini mpaka mmoja ulisimama imara na mwingine ukayumba? Jibu haliko katika maneno ya sheria, kwa kuwa maneno ya mwaka 1954 yalikuwa wazi kuliko ya mwaka 1791. Jibu liko katika mashahidi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila mara ilipoulizwa kwa nini serikali isiwaongoze watoto katika sala, alikuwapo mtu wa kuonyeshwa: Mkatoliki wa Kensington aliyechomewa kanisa, msichana wa miaka 12 aliyefukuzwa shule, mtoto asimamaye ukumbini peke yake wakati wenziwe wakiomba. Lakini ilipoulizwa kwa nini mchungaji asimtaje mgombea, palionyeshwa hesabu ya kodi. Aliyedhulumiwa na hotuba ile hakuwa na uso. Alikuwa mlipa kodi asiyejulikana, aliyepungukiwa na senti asizoweza kuzihesabu. Kinyume chake, mchungaji aliyezuiwa alikuwa na uso na sauti, naye aliweza kusema kuwa ndiye aliyeonewa.

Na bado dhuluma ile si ndoto. Mahali sadaka yenye nafuu ya kodi inapogeuzwa fedha ya kampeni, tajiri hupata mlango wa kununua uchaguzi huku jina lake limefichwa nyuma ya msalaba. Na muumini aliyekuja kutafuta faraja hukuta amewekwa katika kundi la mgombea asiyemchagua. Huyo naye ni mtu asimamaye ukumbini. Tofauti ni kwamba yeye huondoka kimya akaenda kanisa jingine, wala habari zake haziandikwi katika kumbukumbu za mahakama.

Matukio ya karne ya ishirini na moja yameipima mipaka yote miwili. Mei 2017 Rais Donald Trump aliagiza serikali iwe laini kwa viongozi wa dini wanaosema siasa, ingawa amri ya rais haiwezi kuifuta sheria ya Bunge. Julai 2025 Idara ya Kodi yenyewe, iliposhitakiwa huko Texas na makanisa mawili pamoja na chama cha watangazaji wa dini, iliieleza mahakama kuwa hotuba ya kiongozi kwa waumini wake wakati wa ibada isihesabiwe kuwa ni kuingilia kampeni. Mlinzi alikuwa ameuacha mlango kwa hiari yake. Katika upande wa shule, tarehe 27 Juni, 2022, Mahakama Kuu kwa majaji 6 kwa 3 ilimpa haki Joseph Kennedy, mwalimu wa mchezo wa mpira huko Bremerton, jimbo la Washington, aliyekuwa akipiga magoti katikati ya uwanja baada ya mechi. Ulegevu ulionekana hapo pia. Walakini majaji walio wengi hawakusema kuwa shule yaweza kuwalazimisha watoto waombe. Walisema kuwa sala ile ilikuwa ya mtu binafsi, na kwamba hapakuwa na mtoto aliyelazimishwa. Jaji Sonia Sotomayor, katika upinzani wake, alitia picha za wachezaji waliomzunguka mwalimu wao, akauliza kama kijana anayetaka kupangwa katika timu ana uhuru wa kubaki kando. Pande zote mbili ziligombana juu ya swali moja tu: je, yupo mtoto aliyebanwa? Katika kugombana huko, kila upande ulikiri kuwa kumbana mtoto ni haramu. Kiini cha mpaka kilibaki.

Funzo la historia hii ni kwamba sheria hailindwi na wino wake. Hulindwa na kumbukumbu ya dhiki iliyoizaa. Sheria ya 1954 ilikuwa na hoja, lakini haikuwa na kumbukumbu; aliyeileta alikwisha kushinda uchaguzi wake, na baada yake hakubaki wa kuilia. Hukumu za 1962 na 1963 zilichukiwa na wengi kuliko sheria ile, lakini aliyetaka kuzifuta ilimpasa kwanza apite mbele ya mtoto yule wa ukumbini na kumweleza kwa nini arudi kusimama pale. Wanaoitaka mimbari ikae mbali na masanduku ya kura wana kazi ambayo seneta wa Texas hakuifanya katika dakika zake chache za tarehe 2 Julai: kumtafuta muumini aliyeondoka kimya, kumleta mbele za watu, na kumwachia aseme mwenyewe.